Siku Niliyoutamani Moyo wa Kerubo

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi alasiri, gari la klabu ya wahisani liliposimama mbele ya jiko letu, Ikonge. Niliikumbuka siku hiyo juzi, nilipoona mjini Kisii klabu kama ile ikimuaga mtoto anayeenda kutibiwa India.

Mdogo wangu Kerubo, ambaye leo ni mwalimu huko Magwagwa, alizaliwa na tundu moyoni. Kwangu hiyo ilikuwa bahati. Hakuwahi kutumwa kuchuma majani chai, na sasa angepanda ndege kwenda kutibiwa. Walimvisha sweta jipya lililonukia duka. Mikono yangu ilinuka majani mabichi.

Nilipanda na kushuka mteremko wa shamba mbio, mara tatu, kisha nikaja kusimama nyuma ya Kerubo, aliyekuwa akipimwa na daktari wa klabu, nikihema.

"Daktari, moyo wangu pia umetoboka."

Aliniwekea chuma baridi kifuani. Mama aliacha kumenya ndizi, akabaki ameshika kisu.

"Huu ni mzima, mama. Huyu arudi kwa majani chai."

Mama alicheka mpaka akaketi chini. Nilidhani ananicheka, nikamchukia yeye na Kerubo hadi giza likaingia. Sikujua kwamba klabu ilikuwa imelipia moyo mmoja tu, na kwamba wa pili Mama asingeweza kuulipia.