Skrubu ya Tangi la Petroli

Leo nimetengeneza injini ya boti ambayo niliizima mwenyewe.

Ilizimika katikati ya bwawa la Masinga, tukipeleka nyanya za Mama Mutua sokoni Kithyoko.

Mjomba wangu, mwenye boti, akasafisha plagi. Akapuliza kabureta. Akavuta kamba mpaka shati likalowa.

"Tukifika zitakuwa supu," Mama Mutua akasema.

Nikaomba kuangalia. Likizo yote nimeomba kugusa injini hiyo.

"Mwiitu, wewe msichana kaa na nyanya," Mjomba akajibu.

Nikakaa na nyanya. Nikatazama tangi la petroli. Lilikuwa limebonyea.

Hapo nikakumbuka. Asubuhi nilikaza skrubu ya hewa kwenye kifuniko, ili petroli isimwagikie nyanya. Hewa isipoingia, petroli haitoki. Tulifundishwa kidato cha pili, na nilipata alama nzuri.

Nikanyoosha mkono, nikailegeza. Tangi likapumua. Mjomba akavuta kamba mara moja, injini ikawaka.

"Kumbe tuko na fundi hapa!" Mama Mutua akapiga makofi.

Mjomba akafuta jasho, akanigeukia.

"Kesho utaendesha wewe."

Sijamwambia ni nani aliyeikaza skrubu.

Jamani, nimwambie leo, au kesho tukishavuka?