Chai Kwenye Kikao cha Wajumbe

Juzi, kwenye kitabu cha binti yangu, niliona picha ya wajumbe wa makoloni ya Marekani wakipanga kumpinga mfalme wa Uingereza, nikakumbuka harufu ya iliki.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, darasani kwetu Brooklyn Park, huko huko Marekani, tuliigiza kikao hicho. Tulivaa nywele bandia za pamba, na tulikuwa tumeshapiga kura kususia chai ya Waingereza, mama alipoingia na sare yake ya kazini na chupa kubwa ya chai ya maziwa yenye iliki. Niliamini kwamba mjumbe mmoja akionja, Marekani nzima itarudi mikononi mwa mfalme.

“Mama, leo chai imekatazwa!”

“Kikao gani hakina chai? Hii ni ya Kericho, mwanangu. Huyo mfalme hajui hata inavyochemshwa.”

Niliwatafsiria wenzangu kwa sauti ndogo. Sikujua kwamba mashamba ya Kericho nayo yalianzishwa na Waingereza. Mama alijua, ila hakusema. Mvulana aliyekuwa mwenyekiti alinusa kikombe alichomiminiwa na mama, akagonga meza.

“Ya mfalme tumeikataa. Hii ya mama wa mwenzetu, nani anaikataa?”

Hakuna mkono ulioinuka. Makoloni yote yakapanga foleni mbele ya mama yangu.