Kaka Alipopandishwa Ndege

Mimi na kaka yangu kazi yetu ilikuwa moja: kuwateremsha wageni, mitungi ya hewa mgongoni, hadi kwenye meli iliyozama kusini mwa Pemba. Siku hiyo mgeni mmoja alinaswa na mshipi wa wavuvi kwenye mabati ya meli. Kaka akabaki kuukata. Mgeni akapanda salama. Kaka hewa ikamwishia, akapanda mbio, bila kutua njiani kama inavyotakiwa.

Tulipofika bandarini Mkoani miguu yake ilishaanza kufa ganzi. Nilijua ni mapovu ya hewa mwilini. Unguja kuna chumba cha chuma, humo mtu hukandamiziwa hewa mpaka mapovu yanywee. Bahari ilikuwa shwari, boti letu lina mafuta, na oksijeni tunayo. Ndege, hapana! Hilo ndilo somo la kwanza tulilofunzwa: ukitoka chini usiruke juu, mapovu yatavimba.

Basi akaja ami yetu, mdogo wa marehemu baba, aliyetulea. Jasho linamtoka, kahangaika mji mzima mpaka kaipata nafasi kwenye ndege ya jioni.

"Ami, nakuomba, tumpeleke kwa boti. Ndege itamuumiza."

"Ebo! Mtu hajiwezi, wewe waniletea habari za boti? Tangu lini umekuwa daktari?"

Nilieleza, nikarudia, mpaka sauti ikanikauka. Wallahi nilitamani kupiga kelele, lakini ami hapigiwi kelele. Nikamgeukia kaka. Yeye somo lile kalisoma pamoja nami, tena kanishinda kwenye mtihani.

"Mwambie wewe!"

Akanishika mkono. "Mwache. Umemuona alivyohangaika? Usimvunje moyo."

Wakambeba. Ndege ikaruka naye.

Kule Unguja walimweka kwenye kile chumba cha chuma, lakini miguu haikurudi. Labda ilishakwenda tangu baharini. Sijui, na hakuna wa kuniambia.

Kila Ijumaa ami humsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi msikitini, na kila anayesimama kuwasalimu, ami humwambia: "Tungezubaa na boti lao, huyu tungeshamzika."

"Allah akujaze kheri, Ami," kaka hujibu, kisha hunikazia macho mpaka na mie niitikie amin.