Wadudu Kibibi wa Shangazi

Shangazi yangu hakuwahi kumwogopa mtu mwenye kalamu. Bwana shamba alipokuja na jalada lake kumwambia maharage yake yatapigwa dawa Ijumaa, alimwacha amalize, kisha akamuuliza, "Kwa ruhusa ya nani?"

"Mama, wadudu kibibi wenu wa asili wamekwisha. Nimekagua mstari mzima, nimeona wawili. Tukishasafisha shamba tutaachia wa kigeni, wakubwa, walafi. Watamaliza vidukari wote wanaofyonza maharage yenu."

"Umekagua saa ngapi?"

"Saa saba mchana."

Shangazi alicheka mpaka akashika kiuno. Loo! Jua la saa saba hata yeye hukaa ndani, sembuse mdudu mdogo kama punje ya dengu! Alikuwa amelima pale miaka ishirini na mitatu, tangu mumewe alipomwachia watoto wawili na jembe moja, na hakuwahi kuwatafuta wadudu wake mchana. "Njoo alfajiri," akamwambia. "Na usije na pampu."

Alhamisi, umande haujakauka, tulitandika chini ya maharage shuka nyeupe, ile ya wageni. Roho iliniuma kwa ile shuka. Shangazi akatikisa mashina kumi. Wakaanguka wekundu wenye madoa meusi, arobaini na mmoja. Bwana shamba aliwahesabu mwenyewe.

Bado akang'ang'ania. Akanyooshea kidole vijidudu vyeusi vyenye miiba. "Na hawa? Hawa ndio wanaokula majani!"

Shangazi akaingia ndani, akatoka na chupa ya jamu. Nikajua kimenuka. Akamtia mmoja humo, pamoja na jani lililojaa vidukari, akamkabidhi. "Hao ni watoto wao, baba. Kaa kwenye kigoda hicho uangalie nani analiwa."

Chai ilipoletwa, vidukari sita hawakuwepo tena, na jani halikuwa na hata tundu.

"Lakini amri imeshatoka," bwana shamba akasema kwa sauti ndogo.

"Mrudishie aliyeitoa."

Bwana shamba akaondoka na chupa.

Ijumaa gari la dawa likaja. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya njia, shuka yenye matope mabegani. Dereva akapiga honi weee, Shangazi hata shingo hakugeuza. Bwana shamba akashuka, chupa mkononi, akaja mpaka mbele yake.

"Mama, huyu amemaliza vidukari wote. Ana njaa. Nigawie jani lenye vidukari."

Shangazi hakuinuka. "Geuza gari kwanza."