Tulipoitia Meno Saruji ya Baba

Harufu ya saruji mbichi iliyofunikwa kwa majani ya migomba haijanitoka puani hadi leo. Ni harufu ya baridi, yenye uchachu kidogo, na nikiisikia popote, hata mjini mbele ya jengo la watu nisiowajua, moyo hunienda mbio. Wiki nzima Mama na mimi tuliyamwagia maji majani yale asubuhi na jioni, saruji isije ikakauka upesi na kupasuka. Baba alikuja nyuma yetu, akainua jani moja moja na kuchungulia chini yake huku akitabasamu peke yake. Nyumba yetu iko juu ya kilima upande wa Ogembo, na kutoka barabarani hadi uani kuna mteremko ambao hata mbuzi hupumzika katikati. Baba alikuwa na duka la nguo sokoni na kigari cheupe alichokipata kwa jasho lake, lakini matope ya kilima hayakukiruhusu kupanda, kikawa kinalala chini kando ya barabara. Sasa alikuwa amejenga njia ya zege mpaka mlangoni, na boma zima tulikuwa tumevimba vichwa.

Fundi alikuwa ametaka kuikwaruza kwa ufagio saruji ikiwa bado mbichi, isiteleze. Baba alikataa katakata. Kwetu sakafu ya mtu anayejiheshimu hupigwa niru, ile saruji tupu inayosuguliwa kwa mwiko mpaka inameta, na Baba hakuona kwa nini sebule yake ing'ae halafu njia yake ifanane na kiazi kilichomenywa na mtoto. "Mtu akiwa kule barabarani nataka aione," alimwambia fundi. Fundi aliinua mabega, akapiga niru. Majani yalipoondolewa, njia iling'aa kweli. Sabato hiyo majirani walitoka kanisani wakaja moja kwa moja kuitembelea, na wengine walivua viatu kabla ya kuikanyaga. Baba alisimama juu kabisa, mikono nyuma, akipokea pongezi kana kwamba amezaa mapacha.

Kisha mvua za alasiri zikaanza. Jioni ya kwanza Baba alifika na kigari, akakanyaga mafuta, akapanda vizuri hadi katikati. Hapo magurudumu yakaanza kuzunguka bure, na kigari kikaanza kurudi nyuma, polepole, bila kelele, Baba mwenyewe akiwa ametazama mbele kama mtu ambaye hakuna lililomtokea. Kilisimama ndani ya migomba ya jirani. Tangu siku hiyo kikarudi kulala barabarani. Mama akawa anapanda kwa kukanyaga nyasi za pembeni. Lakini sisi watoto! Mimi na kaka yangu Momanyi tulikuwa tumeletewa furaha mlangoni. Tulibandua maganda mapana ya shina la mgomba, tukayakalia yakiwa yamelowa, tukajiachia kutoka uani hadi barabarani tukipiga mayowe, upepo ukitupasua mdomo, kaptura za Momanyi zikitoboka zote nyuma. Watoto wa kijiji kizima walijua mvua ikinyesha ni kwetu. Sijawahi kupanda ndege ikanipa raha ile, na nimepanda. Maji ya paa letu yote yalimwagikia njia ile, na baada ya muda ikaota utando wa kijani, ikawa laini kuliko sabuni.

Mtu mmoja hakuacha kupanda. Babu, baba yake Baba, aliishi ng'ambo ya barabara, na kila jioni alikuja kunywa chai barazani. Ndani hakuingia. Kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe kwetu kuna heshima kubwa, tunaiita chinsoni, na Babu na Mama waliishika kikamilifu. Hawakupeana mkono hata siku moja. Mama hakumtazama usoni. Aliiweka chai kwenye kigoda, akaondoka, nami nikampelekea Babu. Kisha nilimsomea gazeti lolote lililopatikana, mara nyingi kipande kilichofungiwa sukari, na Babu akabishana na wanasiasa waliomo kana kwamba wamekaa mbele yake. "Muulize huyo," aliniambia, "barabara ya kwetu ameila na mboga gani?" Nilimpenda Babu kuliko mtu yeyote duniani, Mama anisamehe.

Jioni moja ya mvua, Babu alifika katikati ya njia, fimbo ikateleza, naye akala mwereka wa kutisha. Alianguka chali, akateremka hatua kadhaa, koti likamfunika uso, suruali ikapanda hadi magotini. Baba alikuwa sokoni. Mtu mzima pekee aliyekuwapo alikuwa Mama, amesimama uani na karai la mboga, na alikuwa ameona kila kitu. Alipiga ukemi mmoja, akageuka papo hapo, akajifunika leso kichwani, mgongo wake ukielekea kwa Babu. "Kwamboka! Momanyi! Mkimbilieni Babu!" Hakuweza kumgusa, hakuweza hata kumtazama. "Ameumia wapi? Mguu anaukunja? Mteremsheni suruali kwanza! Mmeshateremsha?" Sisi tulimfikia kwa kuteleza kwa matako. Mifupa yake ilikuwa mizima, ni kifundo cha mkono tu kilichovimba. Ila uso wake sikuujua. "Mke wa mwanangu ameniona nimelala chini," alisema kwa sauti ndogo. "Nirudisheni kwangu."

Hakuja tena. Baba alimfuata akamsihi, akarudi na jibu moja: "Amesema atakuja kiangazi." Mama akauliza, "Na kiangazi cha Kisii kiko mwezi gani?" Kwetu mvua haina likizo. Babu naye hakupenda tumtembelee kwake, aibu ilikuwa bado imemkaa rohoni. Jioni zikawa ndefu. Niliweka vipande vya magazeti chini ya godoro, sikuwa na wa kumsomea, na nilimkosa Babu mpaka nikalia. Maganda ya mgomba hatukuyagusa tena.

Jumamosi jua lilipotua na Sabato ikaisha, Mama alitoa jiwe lake la kusagia nafaka ya wimbi barazani, akaanza kuligonga kwa jiwe jingine gumu, ko, ko, ko. Baba alikuwa akinywa chai. "Kelele gani hizo?"

"Jiwe limekuwa laini, halisagi tena," Mama alisema bila kuinua kichwa. "Wimbi inateleza tu juu yake. Nalitia meno."

Ko, ko, ko. Kisha mkono wa Mama ukasimama hewani. Akatazama njia. Baba akamtazama Mama, akaitazama njia, akaweka kikombe chini.

"Usiseme," alisema Baba.

"Sijasema kitu."

"Najua unachofikiria. Niru yangu, mama Momanyi!"

"Niru ni yako. Na mzee pia ni wako."

Baba aliiacha chai yake ikipoa, akaingia ndani kulala. Lakini asubuhi nilipoamka alikuwa ameinama katikati ya njia, nyundo mkono mmoja, tindo mkono mwingine. Alifumba macho akapiga. Kipande cha niru kikaruka. Akapiga tena. Ah, ilikuwa siku ya ajabu! Majirani walisikia mlio wakaja kuuliza kama Baba amechanganyikiwa, na walipoelezwa walikimbia makwao wakarudi na nyundo. Kina mama walikuja na mawe yale yale wanayotilia meno mawe ya kusagia, wakakaa safu safu kwenye mteremko wakigonga na kuimba nyimbo za kanisani, na mlio ukapanda kilimani hadi tukashindwa kusikilizana. Vumbi lilitufanya wote weupe. Sisi watoto tulisugua utando wa kijani kwa brashi ya waya na majivu, tukagombania brashi, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Baba alikata mifereji ya mshazari, maji yakimbilie pembeni, akayaelekeza ya paa kwenye migomba. Kufikia mchana yeye ndiye aliyekuwa akiwakaripia wengine: "Hapo bado panateleza! Gonga!" Hatimaye Mama alimwaga ndoo nzima ya maji na kuniambia nikimbie. Nilikimbia kushuka, miguu mitupu, na saruji ikanishika nyayo. Sikuanguka.

Mvua ilipoanza nilienda kwa Babu kabla ya kutumwa. Nilimwambia njia imetiwa meno na nimeijaribu mwenyewe. Alichungulia mvua, akauliza, "Mama yako yuko wapi?"

"Jikoni. Amefunga mlango."

Tulipanda kwenye mvua, mkono wake begani kwangu, na majirani wote wamejificha kwenye migomba kana kwamba hatuvioni vichwa vyao. Pale alipoangukia alisimama. Nilihisi vidole vyake vikinikaza. Baba alikuwa juu, hapumui. Babu aliinua mguu, akapigapiga saruji kwa kisigino, mara moja, mara mbili, kisha akaniachia bega na kumalizia kilima peke yake, akaketi barazani, akasema, "Chai iko wapi?" Na nyuma ya mlango uliofungwa wa jikoni, Mama ambaye hakuona chochote alipiga kigelegele kilichosikika hadi barabarani.

Leo naishi Kisii mjini, kwenye ghorofa ambalo zege lake la kuingilia magari lina mteremko na limesuguliwa likang'aa. Mwezi uliopita nilianguka hapo asubuhi ya mvua, nguo za kazini zote maji. Watu walinipita. Mlinzi, kijana mwenye adabu, alileta kibao cha manjano chenye picha ya mtu anayeteleza, akakisimamisha kando yangu nikiwa bado nimelala. Nilipolala pale nilifikiria kwamba nyumbani mtu mmoja alianguka na kijiji kizima kikashika nyundo, na mimi sijui hata jina la jirani ninayegawana naye ukuta. Niliinuka, nikapanda, nikambishia hodi. Anaitwa Moraa. Mama yake mzazi ameacha kuja kumtembelea, aliniambia, anaogopa kuteleza pale mlangoni. Mwenye nyumba amekubali zege litiwe meno. Tunaanza Jumapili.