Siku Niliyooshwa na Mama wa Kiholanzi

Aibu nyingine mtu huzikwa nayo, lakini hii yangu kijiji kizima kiliishuhudia, heri niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia imetiwa chumvi.

Tulikuwa tumehamia kijiji kipya cha ujamaa, huku upande wa Kinjumbi, mimi nikifundisha kisomo cha watu wazima, na zahanati yetu ilikuwa na nesi wa Kiholanzi, Anneke, ambaye jioni nilimfundisha Kiswahili naye akinifundisha Kiholanzi. Lugha ile ilinishangaza, wallahi. Sisi "ji" yetu inakaa tumboni mwa kitenzi, najiosha, unajiosha, haibadiliki. Wao wameitoa nje ikawa neno la peke yake, na ukianza na "nataka", basi "kuosha" kunasukumwa hadi mwisho wa sentensi, nawe unabaki ukikingoja kitenzi. Ik wil me wassen, nataka kujiosha. Nilikuwa napalilia mikorosho huku nikiitamka peke yangu kama dua.

Basi mama yake Anneke akaja kumtembelea, bibi mwenye mvi kichwa kizima, na mwenyekiti wetu, Mzee Mpili, akaandaa chakula. (Mzee huyo nilikuwa nimemposa binti yake, Somoe, na jibu sijapata.) Anneke alipotaka kutafsiri, nikamwambia aniachie mimi. Uamuzi mdogo tu.

Nikashika birika na beseni, nikapiga goti mbele ya bibi, nikasema kwa sauti ya kufika hadi jikoni: "Wilt u me wassen?" Nilikusudia, tafadhali mama, unawe. Na kitenzi nilikiweka mwisho, mahali pake hasa.

Bibi akanitazama kidogo, akainuka, akanipokea birika, akanikalisha mkekani, akakunja mikono ya gauni lake na kuanza kuniosha. Kidole kimoja kimoja, kisha uso, kisha nyuma ya masikio, mimi na ndevu zangu, halafu akanifuta kwa kitambaa chake cha shingoni. Somoe alisimama mlangoni na sinia la wali.

"Mwalimu," akasema Mzee Mpili, "umemwambia nini mgeni wetu?"

Akajibu Anneke, machozi ya kicheko yakimtoka, kwamba "me" ni "ji" ya mtu anayejisema mwenyewe tu, mgeni yule angeambiwa "zich", na kwa hiyo nilikuwa nimemwomba mama yake anioshe. Naye mama alidhani ndiyo desturi yetu ya kupokeana, akaona si adabu kukataa.

Mzee Mpili akanigeukia taratibu. "Posa yako tutaizungumza baada ya korosho. Watu wasahau kwanza."

Hawakusahau, ingawa Somoe nilimpata. Mimi ninachokistaajabia hadi leo ni yule bibi, kuvuka bahari zote zile, kuombwa kuosha dume zima asilolijua, na kuliosha kama mtoto wake wa kumzaa, bila kuuliza kwa nini. Tangu hapo mgeni yeyote namkaribisha kwa Kiswahili, na beseni namwonyesha kwa kidole.