Nilivyomwonea Wivu Mtu wa Kwenye Shuka

Nikikuhadithieni hili nawaomba msinitazame usoni, kwa sababu mimi ni mtu mzima wa miaka arubaini na mitatu, nimefika Aden na Bombay, nimesoma skuli Unguja mpaka Kiingereza nakisoma, na juu ya hayo yote niliaibika mbele ya mji mzima wa Amu kwa kumwonea wivu mtu asiye na nyama wala mifupa.

Mwajua kuwa Bi Esha alikuwa mke wangu, na mwajua tuliachana kwa ajili ya safari zangu (nikiaga mwezi mmoja hurudi baada ya miaka miwili, tena na zawadi, kana kwamba zawadi ni mume). Mwaka ule nilirudi nimeichoka dunia, nikamtuma shangazi yangu akaniposee tena kwake. Jibu likaja: ngojeni Ijumaa.

Alhamisi mchana, Mhindi mmoja wa kupita akafungua mashine yake ya picha zinazotembea katika bohari ya mchele. Madirisha yalizibwa kwa majamvi, na katikati ikatundikwa shuka nyeupe iliyoloweshwa maji ili picha ionekane pande zote mbili, huku wanaume, kule wanawake, na shuka hiyo hiyo ndiyo pazia. Baina ya picha hutokea maandishi ya Kiingereza, basi Mhindi akauliza nani atakayeyaeleza. Hapo ndipo nilipojitakia: nikanyanyua mkono. Nilijua Bi Esha yuko kule, nikataka aisikie elimu yangu.

Hadithi yenyewe, wallahi, ilikuwa tamu. Kijana fukara, muuza mikate, ampenda binti wa tajiri, na kila akienda kwake hupatwa na balaa: mara atumbukia hodhini, mara maua aliyomletea yaliwa na punda (punda! bohari nzima ilivunjika mbavu), naye kila mara hujipangusa, akavaa kofia, akarudi pale pale mlangoni. Nilieleza vizuri mpaka niliposikia ng'ambo ya shuka kicheko nikijuacho, kicheko cha Bi Esha cha kupanda na kukatika, ambacho katika miaka sita ya ndoa mimi nilikipata labda mara tatu. Kisha akasema kwa sauti laini, "Maskini, huyu haondoki!"

Moyo ukanichoma. Maandishi yaliyofuata yalisema, "Nitakungoja hata mvi zinitoke." Mimi nikatangaza, "Asema kesho asafiri, na huko aendako ana wake wawili."

Muuza kahawa, Mzee Bakari, akanigeukia. "Bwana Shee, mtu wa kusafiri mbona yuwakaa kizingitini?"

"Ni hila. Tena ni mwizi."

"Mwizi wa nini, na mikate ni yake?"

Kule bibi mmoja akapaza sauti, "Mfasiri, na sisi tuna mato, twaona!" Wakacheka wote, na Bi Esha zaidi, na papo hapo kijana akamkumbatia binti. Sikuweza tena. Niliinuka nimzibe kwa mwili wangu, kivuli changu kikajaa shuka nzima kama jini, watu wakapiga kelele, nikarudi nyuma, nikajikwaa, nikaishika shuka ili nisianguke. Shuka mbichi, nzito. Ikaja yote.

Jamani! Wanawake walikuwa wamevua mabuibui kwa joto. Wanaume wenye heshima wakafumba macho, wasio nayo wakafumba moja. Mayowe, viatu vikaruka, na Mhindi (alikuwa kainamia mashine) akazidi kuzungusha mpini wake, na yule kijana, kwa kukosa shuka, akaangukia nguo ya Bi Esha, akakaa pale anatabasamu, ilhali mimi niko chini, nimegubikwa shuka ya maji kama maiti.

Bi Esha akajitanda leso, akanitazama. "Bwana Shee, hata mtu wa picha humwachi apende kwa amani?"

Ijumaa shangazi akarudi, akaketi kwanza. "Amekataa. Asema, ungeyasoma maneno ya yule kijana kama yalivyo, kwa sauti yako, angeyachukua kuwa ni yako."

Sasa ameolewa na mchonga milango asiyewahi kufika hata kisiwa cha Ndau hapo jirani. Wivu ningali nao, siwafichi. Lakini nimeapa: nikipewa maneno ya mtu niyasome, nitayasoma yalivyo, hata kama mwenyewe ni mzuri kuliko mimi.